Mpira wa Aveba na Muhogo wa Mama

Kwa watu wengi harufu ya muhogo uliotoka majini ni harufu ya chakula kinachokuja. Wako wasioipenda, wanaziba pua na kukaza mwendo. Kwangu mimi ni harufu ya golfu. Msinicheke kwanza. Nipeni nafasi nieleze, halafu mtacheka vizuri zaidi.

Juzi asubuhi nilitandika shitingi uani kwangu, hapa Ngezi, nikamwaga juu yake muhogo uliolala ndani ya maji siku nne. Shitingi, kwa asiyeijua, ni lile turubai la plastiki ambalo Bunia nzima tunalitumia kwa kila kazi, kuanzia kuezeka nyumba hadi kuanika maharagwe. Niliweka jiwe kwenye pembe tatu. Pembe ya nne ilikosa jiwe na upepo ukawa unaichezea, basi nikaingia nyumbani nikaleta fimbo yangu ya chuma, nikaigandamiza pale. Jua likapanda, ile harufu kali ya uchachu ikainuka, na mara nikawa tena na miaka kumi na moja, miguu mitupu, nimesimama nyuma ya mkaratusi bila kujua mpira niupindishe upande gani.

Tulikuwa tunacheza golfu kwenye kiwanja kitupu mwisho wa avenyi, barabara ya mtaa wetu. Ndiyo, golfu, Bunia. Kosa ni la baba. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, soudeur, mtu wa milango na mbabula, yale majiko ya makaa. Mwaka mmoja aliitwa kuweka geti kwenye kambi ya wageni fulani upande wa uwanja wa ndege, na kwa siku tatu alizofanya kazi pale aliwaona kila jioni wakipiga kampira keupe kwa fimbo za chuma. Mtu mwingine angetazama akaenda zake. Baba alizitazama zile fimbo kama mama zetu wanavyotazama kitenge cha mwenzao kanisani: imeshonwaje hiyo? Alipomaliza geti wakampa kampira kamoja, akarudi nako mfukoni, na kabla hajala alikuwa ameshachukua kipande cha springi ya lori kuukuu na nondo ya kujengea, moto unaruka.

Fimbo ya kwanza ilikuwa nzito kupita akili. Nilipoizungusha, ikanizungusha yenyewe, nikakaa chini pwaa mbele ya wateja wake wawili. Baba hakucheka. Alikata, akasaga, akachomelea tena, akanipa, akachukua tena. Ilipofika mara ya tano ikawa fimbo. Nasema bila haya: sijawahi kupewa kitu ambacho nilikipenda kuliko ile fimbo. Nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani, na msichana, na vitu vingi vilivyokuja mkononi mwangu vilikuwa vya kazi: jembe, ndoo, mtoto wa kubeba mgongoni. Hii ilikuwa ya kucheza tu.

Watoto wengine walikata fimbo zao kwenye mikaratusi, wakitafuta tawi lenye kisigino. Mipira yao ilikuwa ya mpira wa porini, ule utomvu ambao madereva waliotoka Nia-Nia walituletea umeviringwa kama fundo. Ila siku kubwa kila mtu alipiga kwa zamu ule mweupe wa kweli. Tulianzia kwenye jiwe kubwa, tukalenga kopo la samaki lililofukiwa ardhini upande wa pili. Kila mtu alikuwa na mapigo matatu. Ambaye mpira wake ungekuwa karibu zaidi na kopo ndiye bingwa.

Tatizo lilikuwa mkaratusi. Ulisimama katikati kabisa ya kiwanja, mnene, kama askari wa barabarani anayesubiri chochote. Ukitaka kufika kwenye kopo ilibidi mpira uuzunguke mti, na kuuzunguka kulikuwa na njia mbili, sisi wenyewe tukazipa majina. Mpira uliotokea kushoto kwa mti na kurudi kulia tuliuita Nia-Nia, maana ukisimama kwenye jiwe lile, mkono wa kulia ndiko barabara ya Nia-Nia inakokwenda. Mpira uliotokea kulia na kurudi kushoto tuliuita Aveba, maana huko ndiko Aveba iliko.

Na tabia zao, Mungu wangu, zilikuwa tofauti kama ndugu wa baba mbalimbali. Nia-Nia ulipanda juu polepole, ukaanguka, ukakaa pale pale ulipoanguka, kama lori lililozama kwenye matope. Aveba ulikwenda chini chini, mbio, na ukishagusa ardhi hata haukusimama, ulikimbia tu kama baiskeli yenye gunia la maharagwe kwenye mteremko. Nia-Nia haukufika mbali lakini ulisikia maneno. Aveba ulifika mbali, ila nani angeuambia simama?

Baba ndiye aliyenifundisha kuupindisha mpira kwa njia zote mbili, na hakuwahi kucheza hata siku moja. Alichora chini kwa chaki yake ya kupimia vyuma.

"Masika, sikia. Mupira haina macho. Inafuata uso ya chuma. Uso ya chuma iangalie kopo. Miguu yako, weye iangalishe pembeni ya muti. Basi, mupira itapinda yenyewe."

"Pembeni gani, papa?"

"Ile unataka kupitia. Hiyo si mambo ya chuma tena. Hiyo ni mambo yako."

Nikawa bingwa wa Nia-Nia. Kushoto kwa mti kulikuwa na mfereji wa matope meusi tu, na matope hayana mwenyewe. Upande wa kulia ndiko kulikokuwa na hatari, kwa sababu upande wa kulia, mbele ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, kwenye ardhi ngumu yenye jua kutwa, ndipo mama alipotandika shitingi yake.

Mama alikuwa mtu wa muhogo. Wazazi wangu walitoka Butembo wakaja Bunia kutafuta maisha, na mama maisha aliyapata kwenye unga. Unga wake ulijulikana kwa weupe. Wanawake walitoka mitaa mingine wakiuulizia. Siri yake ilikuwa moja: hakuanua muhogo kabla haujakauka kabisa, mpaka kipande kikivunjwa kilie ka! Hapo tu ndipo alipokubali kuupeleka mashineni.

Sasa, nilikuwa na kichwa kigumu. Siku moja nikasema nijaribu Aveba. Miguu nikaielekeza kulia kwa mti, uso wa chuma ukaangalia kopo, nikapiga. Ule mpira mweupe ulitoka vizuri, ukaanza kurudi kushoto vizuri, na ukatua vizuri katikati ya shitingi. Nilikimbia kuutafuta. Fikirini wenyewe: kampira keupe ndani ya vipande elfu vya muhogo mweupe. Nilipapasa, nikapapasa, mama akatokea mlangoni, nikajifanya naugeuza muhogo. Hata akanisifu, jamani. "Asante mama, leo umekuwa na akili."

Siku mbili baadaye muhogo ulikwenda mashineni, na mpira ukaenda nao. Nilikuwa nimebeba beseni la pili, kwa hiyo niliona yote. Mashine ilikuwa inaunguruma zake kawaida, mara krrr-ta-ta-ta, msagaji akaruka kuizima, akaingiza mkono, akatoa ule mpira una jeraha ubavuni na unga mwili mzima. Akauinua juu, watu wote kwenye mstari wauone.

"Mama Masika! Muhogo yako iko na mufupa!"

Olala! Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika ukuta.  Mama alichukua mpira, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani, mgongo umenyooka. Mama yangu angeweza kuvumilia njaa, homa, na shemeji zake, kuchekwa hakuweza. Tulipofika ndipo alipofungua mdomo.

"Batu yote balinicheka. Miye, mutu muzima, nasagisha jiwe ya bazungu! Sikia muzuri, Masika. Hiyo mupira ikigusa tena muhogo yangu, hata kipande moja, ile chuma inarudi kwa baba yako, anaigeuza mbabula. Na weye ndiye utaipikia. Sikio halipiti kichwa."

Baba alikuwa amekaa pale pale. Nilimtazama anitetee. Akaangalia viatu vyake. Niliona wazi kwamba mama akisema, baba atachomelea, na atachomelea vizuri, maana hajui kufanya kazi mbaya.

Tangu siku hiyo Aveba niliuacha. Nilicheza Nia-Nia peke yake, miezi na miezi, na nikashindwa mara nyingi, kwa sababu Bahati, mtoto wa jirani, alikuwa anapiga Aveba bila hofu. Muhogo haukuwa wa mama yake.

Ikaja siku ya kupewa matokeo ya shule kabla ya Noeli. Desturi yetu ilikuwa kwamba bingwa wa siku hiyo anakaa na mpira mweupe vakansi yote, likizo nzima. Watoto wa avenyi nzima walikuja. Rafiki yangu Neema alikuwa upande wangu. Familia yao ilikimbia kutoka Djugu, wakakaa kwa shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, na sauti yake ya kushangilia ilitosha watu kumi. Jua lilikuwa kali, kiangazi kimeingia kabisa, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mama alikuwa kwenye kigoda kando ya shitingi yake, anageuza muhogo kipande kwa kipande. Ulikuwa muhogo mwingi kuliko siku zote, kwa ajili ya sikukuu, na ndiyo kwanza ulikuwa na siku moja juani. Hakuwa anatutazama. Mama hakutazamaga mchezo wetu.

Walicheza wengine, wakashindwa. Akacheza Bahati, na pigo lake la tatu likamfikisha hatua tano kutoka kwenye kopo. Hatua tano! Akakaa chini anamenya muwa, kama mtu ambaye kazi yake ya siku imekwisha.

Zamu yangu, pigo la kwanza nililichapa juu ya kichwa, mpira ukaviringika hatua kumi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Pigo la pili lilikuwa zuri, zuri kabisa, ila liliniweka nyuma ya mkaratusi, mti wote mbele ya pua yangu. Nikabaki na pigo moja.

Nilipahesabu mahali pale kama mtu mzima. Nikipiga Nia-Nia, mpira utapita juu ya mfereji, utarudi, utaanguka na kukaa. Kutoka umbali ule utakaa hatua kumi kutoka kwenye kopo, labda nane. Ningeshindwa, lakini ningerudi nyumbani na fimbo yangu. Nikipiga Aveba, mpira ungekimbia mpaka kwenye kopo, lakini lazima kwanza uguse ardhi kulia, na pale ambapo ungegusa palikuwa pamelala shitingi. Nilijua kabisa mahali. Nilikuwa nimeshapagusa mara moja, na mashine ilikula ushahidi.

"Masika, piga basi!" Bahati alipaza sauti, mdomo umejaa muwa. "Ao unangojea Noeli ifike?"

Niliiangalia fimbo yangu. Pale baba alipochomelea kulikuwa na uvimbe mdogo, nilikuwa nausugua kwa kidole gumba kila kabla ya kupiga. Nikafikiri kuhusu mbabula, makaa ndani yake, sufuria juu yake. Machozi yalikuwa karibu. Nikaielekeza miguu yangu kushoto kwa mti. Nia-Nia. Nikakubali kushindwa.

Hapo ndipo mama alipopiga kelele.

"Mvua! Mvua inakuja!"

Ninyi mnaojua maisha ya avenyi mnajua neno hilo linafanya nini. Mama mmoja akiita mvua, hakuna anayesubiri kuangalia juu. Shangazi yake Neema alitoka mbio akinyakua nguo kwenye kamba, mwingine akaingiza mkeka wa dagaa, mwingine akapiga mtoto kwa sababu tu alikuwa njiani. Na mama yangu alishika pembe mbili za shitingi, akaikunja na muhogo wote ndani yake, akaiburuta kwa nguvu zake zote mpaka jikoni. Mahali ilipokuwa ikabaki ardhi tupu, ngumu, ya rangi nyeupe kuliko kiwanja chote.

"Mvua gani?" Neema alisema, anaangalia juu mkono kwenye paji la uso. "Masika, mvua iko wapi?"

 Mvua ya nani? Mimi niliona ardhi tupu tu. Nikahamisha miguu kulia kwa mti, uso wa chuma ukaangalia kopo, nikasugua ule uvimbe, nikapiga kabla Mungu hajabadilisha mawazo.

Tok! Ile sauti bado ninayo mkononi. Mpira ulitoka chini chini kulia kwa mkaratusi, ukaanza kurudi, ukagusa pale pale katikati ya ile ardhi nyeupe, ukaruka mara moja, kisha ukakimbia, ukakimbia, ukampita Bahati na muwa wake, ukasimama shibiri mbili kutoka kwenye kopo.

Neema alipiga yowe, mbwa wakajibu. Watoto walinibeba, wakaniangusha, wakanibeba tena. Katika vurugu hizo niligeuka kumtafuta mama, nikaona mgongo wake tu mlangoni mwa jiko, ameinama juu ya muhogo wake. Iliniuma kidogo. Nikajiambia: angalau angegeuka kutazama.

Mvua haikunyesha siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki nzima. Majirani wakapata wimbo. Kila aliyepita mbele ya parseli yetu alisema, "Mama Masika, ile mvua yako ilifika wapi?" Mama, yule yule asiyeweza kuchekwa, alijibu kwa upole tu, "Wingu lilinidanganya."

Na vakansi ile tulikula bugali mbaya. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko zawadi zozote. Ilikuwa na rangi ya majivu, ina uchungu, inanuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo. Mama hakuuza unga wowote Noeli hiyo. Nikiwa na mpira mweupe mfukoni, bingwa wa avenyi, nilisukuma sahani yangu na kusema, "Mama, bugali gani hii? Batu wote banakula nyeupe, siye tunakula nyeusi!" Baba alikohoa, akainamisha uso karibu na sombe yake, mboga ya majani ya muhogo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Halafu akasema, "Kula, Masika. Kula tu." Nilikula nikinung'unika mpaka gunia likaisha.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikapata ua wangu na shitingi yangu. Mwaka juzi, alasiri moja, mvua ya kweli ilinikuta na muhogo wa siku moja. Nikaukunja wote ukiwa mbichi, nikauingiza ndani, na siku ya tatu nilipoufungua ulikuwa umeota ukungu mweusi. Sikutaka kuutupa, nikausagisha hivyo hivyo, nikasonga. Binti yangu akasukuma sahani. "Mama, bugali gani hii?"

Ile harufu ikanipiga usoni. Nilikaa na mwiko mkononi. Muhogo wa siku moja, jua kali, mbingu safi, na mwanamke ambaye hajawahi hata mara moja kuanua kabla kipande hakijalia ka! Kumbe. Na kuna jambo jingine ambalo lilinijia polepole zaidi: ili kujua kwamba mpira utagusa pale, na ili kujua saa gani mtoto wako ameshakubali kushindwa kwa kuangalia miguu yake imeelekea wapi, lazima uwe umetazama. Lazima uwe umetazama siku nyingi sana, kutoka kwenye kigoda, huku unageuza muhogo. Kauli yake asingeweza kuirudisha, maana mama yangu haongei mara mbili. Basi akauondoa muhogo, na ili mvua yake iaminike akauacha umekunjwa jikoni mpaka ukaota ukungu.

Nilikwenda kwake kesho yake. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu, mzee sasa, macho makali bado. Nilimkuta anachambua maharagwe na nikamuuliza moja kwa moja, bila hata kukaa.

"Mama, siku ile ya mpira. Mvua ilikuwepo?"

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa mbali.

"Mvua gani? Ile? Ilikuwa inakuja, weye mama. Ilikuwa inakuja kabisa." Akachambua mengine mawili, matatu. "Ilipinda tu. Ilienda Nia-Nia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi, na yeye akacheka, mwanamke asiyependa vicheko, akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Kisha nikamwomba msamaha kwa ajili ya ile bugali.